Radhi Iliyobaki Likoni

Nyumba ya Sista sasa ina mpangaji anayefuga kuku wa mayai. Ameondoa mlango wa mbao akatia wa chuma, na pale upenuni palipokuwa na benchi la kina mama wa zahanati amepanga magunia ya chakula cha kuku. Simlaumu. Nyumba haipendi kukaa tupu, hasa huku kwetu Likoni ambako wageni wanaongezeka kila uchao. Lakini nikipita hapo hupunguza mwendo, na bila kukusudia hutega sikio. Nangojea ile sauti yenye mikwaruzo iliyokuwa ikijibu hodi zetu: "Karibu, mlango hauumi."

Juzi watoto wanaocheza mpira mbele ya nyumba hiyo walinisimamisha. Mmoja alikuwa amesikia kwamba hapo aliishi Mzungu aliyejua Kidigo. Mwingine akasema alikuja kuwafanya watu Wakristo. Wa tatu akabisha, akasema bibi yake alimwambia kazi ya Mzungu huyo ilikuwa kupima watoto uzito. Walibishana weee, mwisho wakanigeukia mimi, kwa sababu mtaani najulikana kuwa mtu mwenye jibu la kila kitu, ingawa shule niliiacha darasa la sita. Nikawaambia nitawaandikia. Basi ndiyo haya.

Sista alikuwa mmishonari. Mmishonari ni mtu aliyetumwa na kanisa lake kwenda mbali kuhubiri dini na kusaidia watu. Mimi sijawahi kutumwa popote na mtu yeyote, ila nimefika kwingi. Nimepakua malori Changamwe, nimeosha magari karibu na uwanja wa ndege kule Port Reitz, nimepiga msasa viti Bombolulu, na nimefika mpakani Malaba nikiwa tanboi, yaani msaidizi wa dereva wa lori. Yeye alitumwa mara moja tu, akafika, akakaa. Mpaka leo sijui kati yetu nani alikuwa na kazi ngumu zaidi.

Alitoka nchi ya kaskazini ambako, kwa maneno yake, bahari huganda wakati wa baridi hata mtu akaweza kutembea juu yake na viatu vyake. Mimi nilimwamini. Nyanya yangu hakumwamini, na mpaka leo haamini. Alisema Wazungu wana mambo mengi ya kweli, lakini hilo aliongeza mwenyewe kwa sababu ya kukaa juani.

Nyanya alikuwa jirani yake. Kati ya shamba letu na uwanja wa Sista palikuwa na mkorosho mmoja mkubwa, na kwa kuwa hakuna aliyejua kwa hakika uko upande wa nani, wote wawili waliuita wao. Chini ya mkorosho huo ndipo Sista alipoianza kazi yake, akiwa msichana aliyesomea uuguzi, mwenye nywele alizofunga kitambaa na Kiswahili cha kuokoteza. Alining'iniza mizani kwenye tawi. Mizani yenyewe ilikuwa na kisuruali cha turubai. Mtoto anavishwa, ananing'inia kama embe, na mshale unaonyesha uzito wake.

Mwanzo kina mama walikuja wengi. Kisha wakapungua. Kisha hakuja mtu. Sista alikaa chini ya mkorosho na mizani yake ikicheza na upepo, hajui amekosa nini. Akazunguka nyumba kwa nyumba kuuliza, na kila nyumba walimkaribisha, wakampa chai, wakamwambia wapo wazima, watakuja inshallah. Watu wa kwetu ni wapole. Hawakuambii kosa lako usoni.

Aliyemwambia ni Nyanya. Nyanya si mpole.

Kosa lilikuwa hili. Kila alipompima mtoto mwenye afya, Sista alifurahi, akamwinua juu mbele ya watu wote na kusema kwa sauti: mnene huyu, mzuri huyu, tazameni mapaja yake. Kwao hayo ni maneno ya kumpongeza mama. Kwetu ni kumtia mtoto kijicho. Humsifu mtoto wa mtu hivihivi. Unatanguliza mashallah, ili sifa zote zirudi kwa Mungu, na jicho lisimdhuru. Mtoto mmoja kati ya wale waliosifiwa alishikwa na homa usiku uleule, na habari ikatembea kuliko baiskeli.

Sista alisikiliza mpaka mwisho. Hakubisha wala hakusema hayo ni mambo ya ujinga. Aliuliza neno lenyewe linatamkwaje, akalirudiarudia mpaka likakaa mdomoni. Siku ya pili Nyanya alimchukua mama yangu, ambaye wakati huo alikuwa mtoto mchanga, akamvisha kile kisuruali hadharani. Sista akautazama mshale, akasema mashallah kubwa iliyosikika barabarani. Kina mama wakarudi. Toka hapo hakuwahi kulisahau. Hata Jumapili kanisani, mtoto akiletwa kubatizwa, mashallah ilimtoka kwanza, na wageni wa kutoka kwao waligeuka kutazamana.

Kanisa lake lilikuwa banda la mabati karibu na barabara kuu. Waliosali humo ni watu wa bara waliokuja kutafuta kazi: makuli wa bandarini, walinzi, mafundi cherehani, mayaya. Waliimba vizuri, na sisi watoto tulisimama nje kuwasikiliza. Lakini kati ya jamaa za zamani, watu wangu mimi, hakuna aliyeingia. Wazee wetu walimheshimu, walimtibia mbuzi wake, walimpelekea futari mwezi wa Ramadhani, na waliendelea kwenda msikitini kama kawaida. Ijumaa mchana yeye mwenyewe aliifunga zahanati mpaka watu watoke kuswali.

Nilipokuwa kijana, na mdomo wangu haujapata breki, nilimuuliza kama hasikii vibaya. Nikamwambia fundi aliyetumwa kujenga nyumba, akakaa miaka na miaka asijenge hata moja, angefukuzwa. Alikuwa akichambua mchele kwenye ungo. Alisema mwanzo lilimuumiza, na kuna usiku alilia. Kisha alizoea kuamka hapa, akashindwa kufikiria kuamka kwingine, na swali lile likawa halimfikii tena kila siku. Linamfikia mara mojamoja, kama mgeni. Nikamuuliza tena: mbona mimi hajawahi kunihubiria? Akanitazama juu ya miwani.

"Wewe?" akasema. "Wewe hukai mahali pamoja hata nikaimaliza sentensi."

Ilikuwa kweli. Nilikuwa nikienda na kurudi. Kila niliporudi nilipita kwake kwanza, kwa sababu yeye peke yake aliniuliza nimeona nini badala ya kuniuliza nimeleta nini. Alikuwa na ramani ya dunia ukutani, imeliwa na mende pembeni, na alinitaka nimwonyeshe kwa kidole nilikopita. Nami nilikuwa na maswali yangu. Kwa nini maji ya mlango wa bahari huvuta nje asubuhi na ndani jioni, wiki ifuatayo ikawa kinyume? Kwa nini popo hulala kichwa chini? Alipojua alinijibu. Asipojua alisema hajui, na tulikaa kimya kwa raha kama watu waliokula wakashiba.

Na sasa niwaambie juu ya yeye na Nyanya, maana bila hilo hamtaelewa lililotokea.

Babu yangu alikuwa mtu wa adabu. Kila alipokutana na Sista njiani alivua kofia yake ya kiua, akainamisha kichwa kidogo, ndipo akamsalimu. Nyanya aliliona hilo kwa muda, mwisho likamshinda. "Kofia hiyo," akamwambia babu mbele ya watu, "mimi hujanivulia tangu harusi." Kuanzia siku hiyo akamwita Sista mke mwenza. Sista, ambaye hakuolewa maisha yake yote, aliuliza maana ya neno hilo. Alipoelezwa hakukasirika. Alisema kama ni hivyo basi kazi zigawanywe kwa haki: mkubwa apike, mdogo ale.

Walitaniana hivyo mpaka uzeeni. Nyanya akimwona Sista amekaa sana juani atamwambia aingie ndani, mchuzi unaungua. Sista akimwona Nyanya amevaa leso mpya atauliza mume wao ameinunua kwa zamu ya nani. Hata mimi sikupona. Kwetu bibi humtania mjukuu kwa kumwita mume, kwa hiyo babu alipokufa nikarithi wake wawili, mmoja Mdigo na mmoja Mzungu, na wote walinilalamikia kwamba silali nyumbani.

Lakini babu alipokufa hasa, utani ulisimama. Nyanya aliingia eda, ndani, hatoki, kama ilivyo desturi ya mjane. Sista alikuja kila alasiri baada ya zahanati. Hakuleta maneno ya faraja. Alileta ukili, akakaa naye mkekani, na Nyanya akamfundisha kusuka. Mkeka walioumaliza pamoja una upande mmoja ulionyooka na upande mmoja uliopinda, na si lazima niseme upi ni wa nani. Tunao mpaka leo.

Miaka ikapita, magoti ya Sista yakaanza kumsumbua. Baiskeli aliyozungukia vijijini akampa mtu. Akawa anatembea na fimbo, kisha na fimbo na bega la mtu. Siku moja akaja mgeni kutoka kanisa la kwao, kijana mwenye sauti ya chini, akaketi kwenye benchi la upenuni akitokwa na jasho huku akila muhogo wa nazi aliopewa na Nyanya. Alikaa siku kadhaa. Alipoondoka, Sista alituambia. Kanisa lao huwarudisha wazee wake nyumbani wapate kutunzwa. Hilo pekee angeweza kulipinga, alisema, na alikwisha kulipinga mara nyingi. Lakini mdogo wake wa kike, ambaye kati ya ndugu walibaki wao wawili tu, alikuwa mgonjwa katika nyumba waliyozaliwa, na alikuwa akimwita.

"Nikikaa namwacha yeye," alisema. "Nikienda nawaacha ninyi."

Sista alikuwa amezoea kumwambia Nyanya kwamba akifa azikwe chini ya mkorosho. Nyanya humjibu kwamba atasumbua mizizi. Siku ile hakuna aliyeutaja mkorosho.

Ilipokaribia safari, Sista alitaka kufanya kama tufanyavyo. Huku kwetu mtu akienda safari kubwa, haondoki kimyakimya. Hupita kwa majirani na jamaa kutaka radhi. Husema: kama nimekukosea kwa neno au kwa kitendo, kwa kujua au kwa kutojua, niwie radhi. Nao humjibu: nimekuwia radhi, nawe niwie. Ndipo mguu unakuwa mwepesi. Anayeondoka bila radhi ya mtu ameacha kitu chake nyuma, na safari humwangalia vibaya. Huo ni mwenendo wetu, lakini Sista aliushika kana kwamba alizaliwa nao. Alisema hata katika dini yake haifai mtu kuwa na kinyongo na jirani halafu akaenda kusimama mbele za Mungu.

Nilikuwa nimerudi wakati huo kutoka Jomvu Kuu, nilikokuwa nikisaidia kutengeneza nyavu. Nikambebea kigoda, kwa sababu ya magoti, tukapita nyumba kwa nyumba. Kila mahali walimpa radhi bila kusita. Wengine walilia. Mzee mmoja wa mashambani, aliyewahi kumgombeza kwa sababu ya kengele ya kanisa, alimshika mikono yote miwili akakataa kuiachia. Tulimaliza nyumba zote za upande ule, tukarudi, na nyumba ya mwisho ilikuwa yetu.

Nyanya alikuwa uani, amekalia mbuzi, anakuna nazi. Nilikiweka kigoda, Sista akaketi mbele yake, wakasalimiana. Kisha Sista akasema maneno yale, taratibu, yote, kama alivyoyasema kwingine.

Nyanya hakuinua kichwa. Nazi ilikuwa ikidondoka kwenye bakuli.

"Sikupi," akasema.

"Hunipi nini?"

"Radhi. Ninayo, ila sikupi. Nitakuwekea. Ukirudi utaichukua."

Sista akacheka. Alidhani ni utani wao wa siku zote. "Na nisiporudi?"

"Ndiyo maana sikupi."

Hapo Sista akaacha kucheka. Alikuwa ameishi kwetu muda wa kutosha kujua jambo hili halichezewi. Akamwambia kwamba mtu hasafiri hivyo. Nyanya akajibu kwamba anajua, basi asisafiri. Sista akamwambia mdogo wake anaumwa. Nyanya akaacha kukuna. Akaipangusa mikono kwenye leso, polepole, kidole kimoja kimoja.

"Najua," akasema. "Nenda kamuuguze ndugu yako, Mungu amponye. Kisha urudi, mke mwenza, uje uchukue kitu chako."

Majirani waliposikia walimjia juu. Wakamwambia kumnyima mtu radhi ni dhambi, tena mtu mwenyewe mgeni, mzee, aliyewapokea watoto wao wote duniani. Nyanya akasema dhambi ni yake na ataijibu mwenyewe, wao washughulike na zao. Mimi moyoni nilifurahi. Niliona Nyanya amefanya akili kubwa: amemfunga Sista kamba ndefu, inayofika mpaka kwenye ile bahari inayoganda, na siku moja ataivuta.

Nilimsindikiza mpaka uwanja wa ndege. Kwenye feri hakutaka kukaa ndani ya gari. Alisimama ameshika chuma, uso ameuelekeza Likoni mpaka tukagota ng'ambo. Tulipofika mlangoni, pale ambapo wasiosafiri huzuiwa, alinishika bega.

"Mwambie mke mwenza aiweke mahali pakavu," akasema. "Isije ikaota ukungu."

Nikamwambia nitamwambia. Akaingia na fimbo yake, na kilichobaki kuonekana ni leso aliyoivaa mabegani kama Nyanya anavyoivaa, kisha watu wakaniziba.

Vijana, mimi nimezoea kuwa mtu anayeondoka. Anayeondoka ana mambo ya kutazama: njia, watu wapya, vyakula vipya. Sikujua anayebaki anafanya nini. Kumbe anabaki na vitu vilevile, mahali palepale, ila kila kimoja kimepungukiwa. Niliuona mkorosho, nikauona upenu, nikaiona ramani iliyoachwa ukutani, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilirudi kutoka Malaba na mambo mapya, na sikuwa na mtu wa kumwonyesha kwa kidole.

Tulizungumza naye kwa simu. Nilikuwa na simu ya kuonyesha picha, na mpwa wake mmoja, binti wa binamu yao, humshikia yake upande wa pili. Sista alitaka kuona vitu vidogo. Mwonyeshe mbuzi. Mwonyeshe mkorosho umetoa maua au bado. Msimu wa mabibo, yale matunda ya mkorosho, alinitaka nilipasue bibo mbele ya kamera, akafumba macho akavuta pumzi kwa pua kana kwamba harufu ingepita. Siku moja mvua ilianza tukiwa tunaongea, mvua ya masika, ikapiga mabati hata hatukusikizana. Nikataka kukata simu. Kwenye kioo nikamwona anatikisa mkono: usikate. Nikakaa nimeinua simu kuelekea dari mpaka mkono ukafa ganzi. Yeye alisikiliza mvua ya Likoni.

Na kila mazungumzo yaliishia mahali pamoja.

"Radhi yangu?" atauliza.

"Ipo," Nyanya atamjibu. "Imekaa vizuri. Njoo."

Mdogo wake alifariki. Sista alimzika, kisha akasema sasa atarudi. Tulifagia uwanja wake. Kina mama wakaosha benchi. Lakini daktari akakataa, kwanza kwa sababu ya moyo, kisha kwa sababu ya mfupa wa nyonga uliovunjika alipoteleza kwenye barafu. Akahamishiwa kwenye nyumba wanayotunziwa wazee. Akasema mwakani, inshallah. Na mwaka uliofuata akasema mwakani. Nyumba yake ikakaa tupu, kanisa likaipangisha. Hata hivyo mwisho wa kila simu ulikuwa uleule, na mimi niliushika mwisho huo kama mtu ashikavyo kamba ya ndoo kisimani. Maadamu Nyanya ameshikilia, nilijiambia, Sista hana budi kurudi.

Kisha siku moja asubuhi akapiga yule mpwa. Hakuwa na Kiswahili, nami nina Kiingereza cha barabarani, lakini tulielewana. Sista yuko kitandani na hatainuka tena. Haumwi sana, alisema, lakini hapumziki. Ameiacha lugha yao, anasema Kiswahili tu, na anamtaka mtu. Wauguzi wanadhani akili imepotea. Mpwa aliona afadhali atutafute.

Nilikwenda mbio shambani. Nyanya alikuwa akipalilia mihogo. Alinitazama nilivyokuja, akaliacha jembe chini kabla sijasema. Nikamweleza. Alirudi nyumbani, akanawa uso na miguu, akavaa leso safi, akautandika ule mkeka uliopinda upande mmoja, akaketi. Wakati wote huo mpwa alikuwa akingoja kwenye simu, na mimi nilikuwa nikiomba kitu ambacho sikuthubutu kukisema: asimpe. Akimpa, imekwisha. Akimpa, hakuna tena kitu cha Sista kilichobaki Likoni cha kumrudisha.

Nikaielekeza simu kwake. Sista alionekana, uso umekuwa mdogo, nywele hazina kitambaa. Macho yalikuwa yaleyale.

"Mke mwenza," akasema.

"Abee."

"Nimeshindwa kuja."

Niliona kidevu cha Nyanya kinatetemeka, jambo ambalo sikuwahi kuliona hata babu alipofariki.

"Mimi ndiye niliyekuchelewesha," akasema. "Nilidhani nikikushikia kitu chako utakuja. Mambo ya mwanamke mjinga."

"Nilitaka kuja."

"Najua. Kila siku nilijua." Akavuta pumzi. "Nimekuwia radhi, ndugu yangu. Kwa neno na kwa kitendo, kwa kujua na kwa kutojua, duniani na akhera. Yote. Sina chako nilichobakiza. Nawe niwie."

Sista alijibu, maneno yote, hakuruka hata moja. Sauti yake ilikuwa ndogo sana ikabidi niisogeze simu karibu na sikio la Nyanya. Kisha akafumba macho, uso wake ukalegea, na mpwa akasema polepole kwamba sasa amelala, amelala kweli.

"Mwache alale," Nyanya akaniambia, kana kwamba mimi ndiye niliyemwamsha. Akaendelea kukaa pale mkekani, kiganja chake kimeufunika ule upande uliopinda.

Sista alifariki wiki hiyohiyo. Alizikwa kwao, karibu na mdogo wake. Kwetu watu wa banda la mabati walimwombea Jumapili, na wanawake wa jamaa zetu walikuja wakakaa nje, kwenye kivuli, na leso zao, mpaka ibada ikaisha. Kisha wakapika.

Baada ya hapo nilijaribu kukaa. Nilikaa kadiri nilivyoweza. Lakini miguu yangu mnaijua, na mtu mmoja wa Jomvu Kuu aliniambia kuna kazi ya kutengeneza njia za kwenda mtoni, na zaidi ya Jomvu kuna kwingine. Nikafunga begi. Kila safari zangu za nyuma niliaga kwa kusema narudi sasa hivi, hata nikienda mpakani. Safari hii nilitaka kufanya inavyopasa. Nikaenda uani. Nyanya alikuwa amekalia mbuzi, anakuna nazi. Nikachuchumaa mbele yake, nikayasema maneno yale yote, kwa kujua na kwa kutojua.

"Nimekuwia radhi, mume wangu," akasema papo hapo, bila kuinua kichwa. "Nenda salama."

Nazi iliendelea kudondoka kwenye bakuli. Nami nikabaki nimechuchumaa pale, begi mgongoni, njia nyeupe mbele yangu, nikitamani angeninyima.